Geuza jani kabla hujanunua dawa: kuzuia wadudu kwenye bustani ya uani, Dar es Salaam

Miche 12 ya bilinganya niliyonunua kandokando ya barabara ilikuwa imenona, nami nikaipanda jioni ileile kwenye viroba, pembeni kabisa ya nyanya zangu. Siku ya kumi niligusa mche mmoja kikaruka kiwingu kama cha vumbi jeupe. Walikuwa inzi weupe. Mwezi haukuisha, nyanya zote zikawa zimekunja majani na kudumaa, ule ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta. Ni virusi, inzi mweupe ndiye anayevibeba, na mmea ukishaupata hauponi. Nilizing'oa nyanya 20 zilizokuwa zinaanza kutoa maua. Iliniuma sana, kwa sababu kosa lilifanyika siku ya kwanza na lingezuiwa kwa kugeuza jani moja tu nikaangalia chini yake kabla sijatoa hela.

Utaratibu ninaoueleza hapa nimeufuata tangu siku hiyo. Ni wa bustani ndogo ya nyumbani: viroba, ndoo zilizotoboka, vijituta vya mchicha na matembele, nyanya, bamia, pilipili, bilinganya na nyanya chungu. Mwenye ekari Kigamboni au Chanika atachukua yanayomfaa.

Uelewe kwanza mji wenyewe. Dar es Salaam haina baridi ya kuwapumzisha wadudu. Mwaka mzima kuna joto na mwaka mzima kuna jirani mwenye kitu kibichi uani. Katika joto la Desemba hadi Machi, utitiri mwekundu hutoka yai hadi kuzaa kwa takriban wiki moja. Inzi mweupe huchukua wiki tatu hivi. Kidukari jike huzaa watoto hai bila dume, na mtoto naye huanza kuzaa baada ya siku saba hadi kumi. Kwa hiyo ukiona vidukari watano Jumatatu ukasema utahangaika nao mwisho wa mwezi, wakati huo utakuwa unahangaika na maelfu.

Hatua ya 1: Anza na udongo

Wengi tunachota udongo popote: nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja cha jirani anayejenga, au tunauziwa kwa toroli. Udongo wa sehemu nyingi za Dar ni wa kichanga na una joto, na hapo ndipo minyoo fundo inapostawi. Hii minyoo huioni kwa macho. Utakachokiona ni mmea unaonyauka saa sita mchana ilhali umeumwagilia asubuhi, majani yanapauka, na ukiung'oa unakuta mizizi ina vinundu kama shanga. Bamia, nyanya na bilinganya ndizo zinazoumia zaidi.

Kwa kiroba dawa yake ni jua, na jua tunalo bure. Sambaza udongo juu ya sakafu au turubai, unene usiozidi sentimita 15 au 20, uloweshe uwe unyevu kama wa tambara lililokamuliwa, kisha ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, kingo uzikandamize kwa mawe. Uache juani wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haifiki joto lile, usibadilishe. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri ya kazi hii. Wakati wa masika unapoteza muda.

Samadi ikae mpaka ipoe. Ya kuku wa banda ina nguvu sana, na ikiwa mbichi inaunguza mizizi na inaleta inzi na mabuu yake. Mimi huirundika, naimwagia maji kidogo, naigeuza kila baada ya wiki mbili, na siigusi mpaka miezi miwili au mitatu ipite na harufu kali iondoke.

Hatua ya 2: Miche mipya itengwe

Hii ndiyo hatua iliyoniponza, kwa hiyo nitaisema bila kuuma maneno. Kila mche unaoingia getini uchukulie kuwa umebeba mdudu mpaka wenyewe uthibitishe vinginevyo. Hata aliokupa shangazi yako kwa mapenzi.

Pale pale kwa muuzaji, shika jani la chini, ligeuze, litazame kwenye mwanga. Unatafuta vitu vinne: vijidudu vyeupe vinavyoruka ukitikisa mche, vidoadoa vidogo vilivyogandamana na jani ambavyo ni watoto wa inzi mweupe, utando mwembamba kama wa buibui, na unato unaong'aa kwenye majani ya chini. Ukiona kimojawapo, uache mche hapo ulipo, hata bei ikishushwa.

Ukifika nyumbani, usiupeleke bustanini. Uweke upande mwingine wa nyumba, angalau hatua 10 kutoka mimea mingine, kwa siku 10 hadi 14. Muda huo unatosha mayai mengi kuanguliwa na wewe kuyaona matokeo yake. Siku ya kwanza uoshe kwa maji ya sabuni, nitaeleza kipimo chake mbele. Na siku zote mwagilia mimea yako ya zamani kwanza, hii mipya mwisho, kwa sababu nguo na mikono yako ndiyo daladala ya wadudu hawa.

Ukiweza kuotesha mwenyewe kwa mbegu, otesha. Kitalu kidogo ndani ya beseni lililotobolewa, limefunikwa kipande cha neti yenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida, kinakupa miche safi kuliko yoyote utakayoinunua. Nyanya ikilindwa wiki zake nne za mwanzo kitaluni, rasta hupungua kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mmea unaoambukizwa mdogo ndio unaoharibika kabisa.

Hatua ya 3: Usiulishe mdudu

Mmea uliolishwa mbolea nyingi ya kukuzia, urea au samadi ya kuku kupita kiasi, hutoa majani laini yenye utomvu mtamu, na vidukari wanayafuata hayo. Mmea wenye kiu nao unaliwa na utitiri. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na mboga inayomwagiliwa hayo pekee miezi yote ya kiangazi huchoka, ncha za majani zikaungua. Kama huna maji mengine, kila baada ya wiki moja au mbili mwagilia kwa wingi maji ya bomba au ya mvua ili kuisukuma chumvi itoke chini ya kiroba.

Achia nafasi kati ya viroba. Hewa ipite. Nyanya futi mbili, bilinganya hivyohivyo. Uani petu ni padogo na tamaa ya kujaza ni kubwa, najua, lakini majani yakigusana mdudu anatembea kwa miguu tu.

Neno moja kuhusu visahani vya chini ya ndoo: vimwage. Maji yaliyotuama humo huzalisha mbu, na mji huu umeshapata milipuko ya homa ya dengi, ukiwamo wa 2014 na wa 2019. Mbu anayeieneza anapenda vyombo vidogo vya majumbani kama hivyo. Hatuwezi kulinda mchicha tukawaumiza watoto.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa asubuhi

Kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, lichukue hili. Dakika 10, mara tatu kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijakolea na kabla hujatoka kwenda kazini. Wadudu wanakuwa wazito saa hiyo, hawaruki haraka.

Usitazame mmea kwa juu. Kwa juu bustani yoyote ni nzuri. Chagua majani matatu kwenye kila mmea, moja la chini, moja la katikati, moja changa la juu, na uyageuze. Kisha soma unachokiona.

Majani machanga yamejikunja, ncha ina vijidudu vya kijani au vyeusi vimejazana, chini kuna kitu kinanata: ni vidukari, wengine wanawaita wadudu mafuta. Wanapendelea bamia na sukuma wiki, na huongezeka hali ya hewa inapopoa kidogo, Juni hadi Agosti.

Jani la bilinganya au nyanya limekuwa na vidoti vya manjano kama limechomwa sindano mara mia, chini lina vumbi linalotembea: ni utitiri. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara mbili. Vumbi likianza kutembea kwenye karatasi, umempata. Lifute kwa kidole, litaacha mstari. Utitiri ni wa kiangazi na wa vumbi, kwa hiyo nyumba zilizo kando ya barabara ya udongo huteseka zaidi.

Pamba nyeupe kwenye kikonyo cha mpapai, pilipili au kisamvu: vidung'ata. Wamejifunika nta, ndiyo maana dawa nyingi huteleza juu yao. Mpapai wa uani ukijaa hawa, matawi ya mboga chini yake yatafuata.

Njia nyeupe zilizopindapinda ndani ya jani la nyanya, pana na zimekauka katikati, au tobo dogo karibu na kikonyo cha tunda: kantangaze. Huyu ni nondo mgeni kutoka Amerika ya Kusini aliyefika Tanzania mwaka 2014, na amewafilisi wakulima wengi wa nyanya. Kiwavi wake hukaa ndani ya jani, dawa inapita juu, yeye anakula chini. Jani lenye njia hizo likate siku hiyohiyo.

Mche uliopandwa jana umelala chini, umekatwa shingoni kama kwa mkasi: sota. Fukua udongo kuuzunguka kwa kidole, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Muue kwa mkono. Kwa kinga, kata chupa ya plastiki upate pete ya sentimita 8 hivi, uvishe kila mche mchanga, uizamishe sentimita 2 kwenye udongo.

Majani ya mchicha yamefungwa pamoja kwa uzi, ndani kuna kinyesi cheusi: kiwavi msokota majani. Hapa sina la kufikiria, navuna. Mchicha unavunwa kwa kung'oa kuanzia wiki ya tatu au ya nne, na kuuwahi kuuvuna ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Mchicha wangu haujawahi kuguswa na dawa ya dukani, na wako usiguswe. Mboga inayoingia sufuriani mwezi haujaisha tangu ipandwe haina muda wa kutoa sumu.

Unapokagua, tembea na kopo la maji yenye sabuni. Viwavi, panzi wadogo, makundi ya mayai, vyote vitumbukie humo. Ncha iliyojaa vidukari ikate nzima. Majani yenye wadudu usiyatupe kwenye shimo la mboji wala kuyarundika pembeni. Yafunge ndani ya mfuko wa nailoni, uache juani siku tatu au nne mpaka yaive humo.

Hatua ya 5: Mitego na neti

Rangi ya njano inamvuta inzi mweupe na kidukari mwenye mabawa. Huna haja ya kununua mtego. Madumu ya njano ya mafuta ya kula yapo kila nyumba: kata vipande vya ukubwa wa daftari, vipake grisi au mafuta mazito ya kujipaka, vining'inize kwenye fimbo usawa wa ncha za mimea. Kimoja kwa kila viroba vitano au sita. Futa na upake upya kila wiki. Mtego peke yake hauwamalizi. Kazi yake kubwa ni kukuambia mapema kwamba wameanza kuingia, na upande gani wanatokea.

Kwa kantangaze, jioni weka beseni la maji yenye sabuni chini ya taa ya nje. Nondo huja kwenye mwanga na wengine huishia majini. Asubuhi utahesabu.

Chandarua kilichochanika kinashonwa na kupata kazi ya pili. Kifunge juu ya vijiti kufunika kituta, kingo zifukiwe. Nondo wa kabichi, sukuma wiki na chainizi hatapata pa kutagia. Matundu ya chandarua cha kawaida ni makubwa kwa inzi mweupe, hivyo usikitegemee kwake. Kwa bamia na bilinganya inatosha kufunika wakati mimea ni midogo, halafu ufungue zikianza maua ili nyuki waingie.

Hatua ya 6: Waangalie sisimizi

Sisimizi wakipanda na kushuka shina la pilipili bila kukoma, juu kuna mtu anawalisha. Vidukari na vidung'ata hutoa utomvu mtamu, sisimizi wanaunywa, na kwa malipo wanawafukuza maadui zao, hata kuwabeba kutoka mmea hadi mmea. Zungushia shina kitambaa, juu yake upake grisi, na uhakikishe hakuna jani linalogusa ukuta au waya wa kuanikia nguo na kuwapa daraja. Ukiwakatia njia sisimizi, marafiki zako wanapata nafasi.

Marafiki hao ni wengi kuliko tunavyodhani. Yule mdudu wa duara mwekundu mwenye madoa meusi, pamoja na mtoto wake asiyefanana naye, mweusi mrefu mwenye miibamiiba, wote wanakula vidukari. Buibui, vunjajungu, nyigu wembamba, mijusi wa ukutani: waache. Hata wale sisimizi wanaoitwa maji moto, ambao tunawachukia kwa kuuma, kwenye minazi ya pwani hii wanaulinda mnazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa. Ukiona kidukari amevimba, amekuwa rangi ya kahawia na kukauka kama ganda, usimuue. Ndani yake kuna nyigu mdogo anayekaribia kutoka kwenda kuwashambulia wenzake.

Hatua ya 7: Sabuni, kisha mwarobaini

Kabla ya chochote, maji matupu. Bomba lenye nguvu kidogo, ukielekeza chini ya majani asubuhi mbili mfululizo, linaangusha vidukari na utitiri wengi ambao hawarudi juu.

Wakibaki, sabuni. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita 1 ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia usitumie, inababua majani. Maji ya kisima yenye chumvi yanaikata sabuni ikawa utando mweupe usiofanya kazi, kwa hiyo tafuta ya bomba au ya mvua. Jaribu kwanza kwenye majani mawili, subiri siku moja. Yasipobabuka, pulizia mmea mzima jioni, chini ya majani mpaka yachuruzike, maana sabuni inaua mdudu iliyemgusa tu. Mayai hayafi. Rudia kila baada ya siku 4 au 5, mara tatu. Wengi hupulizia mara moja, wakaona wadudu wamerudi wiki ijayo, wakasema sabuni haifai.

Mwarobaini upo karibu kila mtaa. Majani yanasaidia, lakini nguvu yenyewe iko kwenye mbegu. Okota matunda yaliyoiva yakaanguka, yamenye, yaanike kivulini na siyo juani. Twanga gramu 50 za mbegu kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza matone ya sabuni ili dawa ishike kwenye jani. Ukiwa na majani tu, kilo 1 yaliyopondwa kwa lita 5. Kinu cha kazi hii kisiwe cha kutwangia chakula. Pulizia kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa sababu jua linaivunja dawa hii haraka, na uitumie siku uliyoichuja. Usitegemee kuona wadudu wakidondoka. Mwarobaini unawaondolea hamu ya kula na kuwazuia kukua na kuzaa, matokeo utayaona baada ya siku kadhaa. Rudia kila wiki.

Watu hushauri pia maji ya tumbaku. Mimi nakuomba uyaache. Nikotini ni sumu kwa binadamu, inapita hata kwenye ngozi, na tumbaku huweza kubeba virusi vinavyoambukiza nyanya na pilipili.

Hatua ya 8: Dawa ya dukani, ikibidi

Inabidi mara chache, hasa kwa kantangaze na viwavi. Kwa viwavi ulizia kwanza dawa za bakteria Bacillus thuringiensis. Zinaua kiwavi mdogo anayekula jani lililopuliziwa na haziwadhuru nyuki.

Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Niliwahi kupimiwa dawa kwenye chupa ya soda katika duka moja la pembejeo, bila lebo, nikaipokea. Nikaja kuistukia jikoni, jirani na chupa za juisi ya watoto. Sitairudia, nawe usikubali kabisa.

Soma mambo matatu kwenye lebo: zao, kipimo kwa lita, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama ni siku 14, nyanya zilizoiva leo hazitavumilia siku 14, kwa hiyo zichume zote kwanza ndipo upulizie. Vaa glavu, barakoa, mikono mirefu, simama upepo ukiwa mgongoni. Watoto wabaki ndani na nguo zianuliwe. Ukipulizia tena, badili kundi la dawa na siyo jina tu, kwa sababu chupa mbili zenye majina tofauti huweza kuwa na kiambato kilekile, na mdudu aliyekizoea cha kwanza hatakufa kwa cha pili.

Hatua ya 9: Zao likiisha, liondoe

Mmea uliozeeka unaoachwa uani kwa sababu bado unatoa bilinganya moja moja ndio hospitali ya wazazi ya inzi weupe wa mtaa mzima. Matunda yakipungua, ng'oa na mizizi yake, ikague kama ina vinundu, funga kwenye mfuko, anika juani. Osha ndoo kwa sabuni na brashi. Kiroba kilichokuwa na nyanya kisipewe nyanya, pilipili, bilinganya wala nyanya chungu, hao wote ni ukoo mmoja na wanagawana maadui. Kipe mchicha, kunde au vitunguu.

Ongea na jirani pia. Mimi na mama wa nyumba ya pili tulikubaliana kung'oa nyanya zetu za zamani wiki moja, mwishoni mwa Februari, tukae wiki tatu bila nyanya wala bilinganya pande zote mbili za ukuta, halafu tupande pamoja masika yakianza. Mitego yangu ya dumu upande wa kwake, iliyokuwa inajaa kwa siku mbili, sasa naifuta mara moja kwa wiki na inakuwa na wadudu wa kuhesabika.